Gunia la Katikati

Bambo la baba lilikuwa la chuma, urefu wa kiwiko mpaka ncha ya kidole, limechongoka mbele na lina mfereji katikati. Ukilichoma kwenye gunia, maharage yanateremka kwenye mfereji mpaka kiganjani. Ukilichomoa na kusugua tundu kwa kidole, nyuzi za katani zinarudiana kama vile hapakuguswa. Miaka ya tisini baba alikuwa ananunua maharage sokoni Tandale, hasa ya njano yaliyokuja kwa lori kutoka Mbeya. Kila mnunuzi alikuwa na bambo lake, na kila muuzaji alijua bambo huingia wapi: gunia la nje, usawa wa kiuno, upande unaotazama njia. Basi upande huo ulijazwa maharage ya kumpelekea mkwe. Yaliyobunguliwa yalilala katikati ya rundo.

Baba hakuwa mtu wa kugombana. Alinisimamisha mbele ya rundo, mimi niko darasa la pili, akasema, “Mama, taja namba, moja mpaka arobaini.” Nikitaja, makuli walihesabu kutoka pembeni na kulivuta gunia hilo, hata likiwa la chini kabisa, huku wakinitupia jicho ambalo hadi leo nalikumbuka. Mpango huo ulifaa msimu mmoja. Msimu wa pili muuzaji mmoja, mzee mpole wa kofia ya kiua, aligundua jambo ambalo hata mimi sikuwa nalijua: napenda saba. Saba, kumi na saba, ishirini na saba. Magunia hayo aliyapanga vizuri, yakachomwa, yakasifiwa, na baba akapeleka nyumbani mzigo wenye fukusi. Hakunilaumu. Safari iliyofuata alitoa noti mfukoni, akasoma tarakimu mbili za mwisho za namba yake, na tangu siku hiyo noti ndiyo iliyochagua. Ikitoka zaidi ya arobaini, alitoa noti nyingine. Nami nikapoteza kazi yangu ya kwanza.

Leo nakula kwa kazi ya kujaribu programu za kompyuta, na kila nikisoma historia ya kazi hii nakutana na ile saba yangu.

Mtu akimaliza kuandika programu, yeye au mwenzake huketi kuijaribu: anaingiza jina, anaingiza kiasi, anabonyeza, anatazama. Anachoingiza kinatoka kichwani mwake, na hakuna kichwa kisicho na saba zake. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa kwenye timu iliyojaribu programu ya mikopo ya taasisi moja ya fedha. Tulisajili wateja wa kubuni zaidi ya mia mbili: Juma Ali, Asha Juma, Ali Asha, pamoja na yule Mteja Mteja ambaye kila timu inaye. Yote yakapita. Wiki ya kwanza ya kazi, tawi moja la Usukumani likapiga simu kwamba kuna mteja hasajiliki. Jina lake la ukoo lilianza na Ng', na kile kialama kidogo baada ya g kilieleweka kwa programu yetu kama “maandishi yanaishia hapa”. Herufi zilizofuata zikasomwa kama amri, hifadhidata ikazikataa, skrini ikaganda. Kule majina ya Ng'wa yamejaa kama Juma walivyojaa kwetu. Katika wateja wetu mia mbili hatukuwa na hata mmoja, kwa kuwa mezani petu hakuketi Msukuma. Nikamwambia karani aandike jina bila kialama kwa muda. Akanijibu taratibu, “Dada, kwa hiyo nimwambie mzee abadili jina?”

Kialama kile ni kimoja kati ya alama 95 zinazochapika katika mpangilio wa kawaida wa herufi za kompyuta. Mtoto wa miaka miwili akipigapiga kibodi angekifikia kabla hajamaliza uji wake.

Wazee wa kazi hii walilijua jambo hilo kabla halijapewa jina. Gerald Weinberg, aliyeingia IBM katika miaka ya 1950, alikuja kusimulia uzeeni kwamba zama zile data iliingizwa kwa kadi ngumu za karatasi zilizotobolewa, na lilikuwa jambo la kawaida kuchota kadi kwenye pipa la taka na kuilisha programu mpya uone itafanya nini. Wakati mwingine walitumia kadi zilizotobolewa namba za nasibu. Hakuna aliyeona haja ya kulipa jina. Nazipenda sana kadi zile za jalalani. Kadi ya jalalani ni kazi ya mtu mwingine, ya shughuli nyingine, imepinda, imepitwa na wakati. Hakuna aliyeipanga impendeze mtu.

Namba za nasibu zenyewe zilikuwa bidhaa adimu. Mwaka 1947 shirika la RAND, huko California, lilianza kuzizalisha kwa mtambo uliofanya kazi kama gurudumu la kamari la kielektroniki, na mwaka 1955 wakachapa kitabu kizima cha tarakimu milioni moja. Kabla ya kitabu zilikuwa kwenye kadi 20,000, tarakimu 50 kila kadi. Kinachonichekesha ni kwamba hata mtambo ule ulikuwa na saba yake. Wahandisi walirekebisha saketi mara kadhaa, wakapima, na bado tarakimu fulani zilijitokeza zaidi ya haki yake. Mwishowe walijumlisha tarakimu za kila kadi na za kadi iliyotangulia, wakabakiza mamoja tu, makumi wakayatupa. Baba angewaelewa: noti moja ikikutia shaka, toa ya pili.

Vitabu vya kufundishia havikuipenda njia hii ya kurusha data ovyo. Glenford Myers, ambaye kitabu chake cha mwaka 1979 kuhusu ufundi wa kujaribu programu kilisomwa kila mahali, aliiweka mkiani kabisa kati ya mbinu zote. Hoja yake ilikuwa ya mtu mwenye akili timamu: kwa nini urushe ovyo ilhali unaweza kufikiri? Mwaka 1984 Joe Duran na Simeon Ntafos walipima kwa hesabu wakaonyesha kwamba kurusha ovyo hakukuachwa mbali na mbinu za kufikiri, na kulikuwa rahisi zaidi. Lakini makala ya hesabu haimtoi mtu usingizini. Kilichowatoa watu usingizini ni mvua.

Usiku mmoja wa vuli ya 1988, mjini Madison, jimbo la Wisconsin huko Marekani, profesa Barton Miller alikuwa nyumbani, ameungana na kompyuta ya chuo kikuu kwa modemu na laini ya simu. Nje radi zinapiga. Aliyewahi kuzungumza kwa simu ya mezani wakati wa masika anaijua ile mikwaruzo. Kwa modemu kila mkwaruzo uligeuka herufi ambayo Miller hakuiandika. Anaandika amri, katikati zinachomekwa takataka, anafuta, anaandika upya, anashindana na mbingu. Takataka zenyewe hazikumshangaza. Kilichomshangaza ni kwamba programu zilikuwa zinakufa. Hazikusema “sijaelewa”. Zilikata moto. Na hizi zilikuwa programu za kila siku za mfumo endeshi wa UNIX, zinazotumiwa na maelfu ya watu kwa miaka, ambazo kila mtu alidhani zimeshakomaa.

Miller alikuwa anafundisha somo la juu la mifumo endeshi, akaifanya ile mvua kuwa zoezi la wanafunzi: andikeni programu inayotoa mkondo wa herufi ovyo, iungeni kwenye programu zote mtakazozikuta, hesabuni maiti. Chombo kiliitwa fuzz. Wanafunzi wake wawili, Lars Fredriksen na Bryan So, waliifanya kazi hiyo kwa ukamilifu, na makala ya watatu hao ikatoka Desemba 1990. Walijaribu karibu programu 90 kwenye matoleo 7 ya UNIX. Katika kila toleo waliloligusa, kati ya asilimia 25 na 33 ya programu ziliangushwa au kugandishwa.

Hebu tuliangalie gunia hilo kwa karibu. Sababu kubwa ilikuwa uzembe wa kuhesabu nafasi. Mwandishi wa programu ametenga, tuseme, nafasi 80 za kupokea mstari mmoja, kwa kuwa hajawahi kumwona binadamu akiandika mstari mrefu kuliko huo. Fuzz haijui adabu hiyo. Inamwaga herufi elfu bila kupumua. Lugha ya C, iliyotumika kuandika programu nyingi za UNIX, hailindi mpaka. Herufi ya 81 inaingia kwa jirani, ya 82 inamfuata, mpaka zinafika mahali ambapo kompyuta imejiwekea kumbukumbu ya wapi irudi ikimaliza kazi. Inarudi kusikokuwepo. Kulikuwa na amri moja ya kusoma maandishi, gets, ambayo haikumpa mwandishi hata njia ya kutaja ukubwa wa chombo chake. Ni sawa na kumwita mtu amimine maziwa huku umemficha kikombe.

Na vuli hiyohiyo, tarehe 2 Novemba 1988, mwanafunzi wa Cornell aitwaye Robert Tappan Morris aliachia kwenye intaneti mnyoo uliojisambaza wenyewe kutoka kompyuta hadi kompyuta. Mojawapo ya milango yake ilikuwa gets hiyohiyo: huduma iliyotenga nafasi 512 ikapelekewa baiti 536. Mvua ya Madison na mnyoo wa Morris vilipita tundu moja, isipokuwa mnyoo ulikuwa unajua unakokwenda.

Mtihani wa Miller ulikuwa mwepesi kupita kiasi: programu ikifa au ikiganda, imefeli, ikitoa jibu lolote, hata la kijinga, imefaulu. Mtihani wa namna hiyo unajua sufuria imepasuka, haujui mboga imekosa chumvi. Lakini Miller hakuuficha wepesi huo. Aligawa zana zake bure, pamoja na matokeo, ili kila kampuni ijirekebishe. Mwaka 1995 alirudi kuchoma tena. Mifumo ya kampuni kubwa zilizouza UNIX kwa fedha nyingi bado ilifeli kati ya asilimia 15 na 43. Linux, iliyokuwa inagawiwa bure, ilikuwa asilimia 9, na programu za mradi wa GNU zikawa chini zaidi.

Kwa haki, Miller hakuwa wa kwanza kumwachia mwehu kibodi. Mwaka 1983 Steve Capps wa Apple, alipokuwa anatafuta kasoro za kumbukumbu kwenye Macintosh ambayo ilikuwa haijatoka, aliandika programu ndogo akaiita Tumbili. Ilibonyeza na kuburuta ovyo kwa mwendo ambao mkono wa mtu hauuwezi. Shida ya Tumbili ilikuwa kwamba hakawii kubonyeza amri ya kufunga programu, na sherehe inaishia hapo. Wakaweka alama maalumu kwenye kumbukumbu ya mashine, kuijulisha programu kuwa Tumbili yumo kazini, ili imfungie mlango wa kutokea. Wajina wake yumo kwenye zana za Android, na ndiye ninayemwachia simu za majaribio usiku. Nitarudi kwake.

Kabla Miller hajaanza kuhesabu maiti, ndani ya IBM kulikuwa na mtu aliyeushika msumeno upande mwingine wa gogo. Harlan Mills, mwanahisabati, hakuona maana ya kuwinda kasoro moja moja. Alitaka kuiuza programu ikiwa na namba iliyoandikwa juu yake, kama balbu: hii, ikitumika inavyokusudiwa, itakwenda muda wa wastani fulani kabla haijakosea. Utaratibu wake aliuita chumba kisafi, jina la vile vyumba vya kutengenezea chipu ambamo vumbi halipanguswi bali linazuiwa mlangoni. Waandishi wa programu hawakuruhusiwa kuiendesha programu yao. Waliandika, wakasomeana, wakathibitishiana kwa mantiki kwamba kila kipande kinafanya kinachodai, kisha wakakabidhi. Mimi nisingemaliza wiki kwenye timu hiyo. Timu ya pili ndiyo iliyojaribu, na haikujaribu kwa kichwa chake: ilichota majaribio kwa nasibu, kwa uwiano wa jinsi watumiaji watakavyoitumia. Kama watu watafungua hati mara sitini kwa kila mara moja wanayofuta, basi majaribio nayo yawe sitini kwa moja.

Nilipoisoma mara ya kwanza makala yake ya mwaka 1987, aliyoandika na Michael Dyer na Richard Linger, nilidhani ni ukaidi wa mwanahisabati. Kisha nikaelewa alichokuwa amekiona. Mwaka 1984 Edward Adams, naye wa IBM, alichambua kumbukumbu za kasoro za programu kubwa za kampuni hiyo akakuta kwamba karibu theluthi moja ya kasoro hizo zingemkuta mtumiaji mara moja tu katika kila miaka 5,000 ya matumizi. Chache tu ndizo zilizowatesa wateja kila siku. Anayewinda kasoro yoyote anayoiona anaweza kuziba mashimo mwaka mzima na mteja asione tofauti. Anayechota kwa uwiano wa matumizi anaangukia kwanza mashimo ambayo mteja naye angeangukia.

Hesabu yake ni ya kawaida na naitumia hadi leo. Ukichota majaribio 300 kwa nasibu na yote yakapita, unaweza kusema kwa uhakika wa asilimia 95 kwamba kiwango cha kukosea hakizidi 1 kwa 100. Ukitaka 1 kwa 1,000, chota 3,000. Kwa programu ya mikopo inatosha. Kwa ndege haitoshi: kiwango kinachodaiwa kwa vyombo ambavyo uhai wa abiria unavitegemea ni kosa lisilozidi moja kwa saa bilioni moja, na saa bilioni moja ni zaidi ya miaka 114,000. Ricky Butler na George Finelli wa NASA waliwaandikia wenzao mapema miaka ya 1990 kwamba hakuna atakayewahi kuithibitisha namba hiyo kwa kujaribu. 

Swali ambalo Mills aliliacha mezani ni la sokoni: huo uwiano wa matumizi unautoa wapi? John Musa wa maabara za simu za Bell, Marekani, alikuwa na simu za wateja za kuhesabu. Sisi kwenye programu yetu ya mikopo tungeutengeneza ofisini Posta, kutokana na wateja wa Dar es Salaam, na Ng' angekuwa mmoja kwa elfu kadhaa. Namba ingetoka safi, mzee wa Usukumani angebaki kaunta.

Mwaka 1994 swali hilo lilikuja kuulizwa hadharani, na bei ya jibu ilikuwa dola milioni 475.

Thomas Nicely alikuwa anafundisha hisabati katika chuo cha Lynchburg, Virginia. Kazi yake ya mapenzi ilikuwa namba tasa pacha, zile zinazoachana kwa mbili tu kama 11 na 13. Alikuwa anajumlisha vipande vyake, moja juu ya kila namba, kwa kompyuta kadhaa. Mwaka huo jumla zikakataa kulingana. Akatuhumu programu yake, akatuhumu mashine nyingine, akaondoa kitu kimoja kimoja kwa miezi, kama fundi anayetafuta waya uliokatika. Mwisho akabaki na namba mbili, 824633702441 na 824633702443, na chipu mpya ya Intel iitwayo Pentium iliyokuwa inakosea kugawanya. Tarehe 30 Oktoba aliwaandikia watu aliowafahamu, akiomba wenye Pentium wajaribu na kwao.

Chipu ile iligawanya kwa kutazama jedwali, kama lile la kuzidisha lililochapwa nyuma ya daftari la shule. Inasoma mwanzo wa namba inayogawanywa na mwanzo wa ile inayogawanya, inaenda kwenye chumba chao katika jedwali, inapata tarakimu ya kukisia, inatoa, inaendelea. Vyumba vilivyopaswa kuwa na kitu ni 1,066. Intel ilieleza kwamba jedwali lilipohamishiwa kwenye chipu, vitano vilisahaulika: vilipaswa kuwa na 2, vikabaki 0. Ndiyo habari yote. Tim Coe, mhandisi wa kampuni nyingine, alikisia jedwali hilo akiwa nje, bila kuliona, akatoa mfano ambao yeyote angeweza kuujaribu: gawanya 4195835 kwa 3145727. Jibu ni 1.33382. Pentium ilisema 1.33374.

Intel yenyewe ilikuwa imeligundua kosa hilo katikati ya mwaka, na ilikuwa imeshapiga hesabu yake. Chagua namba mbili kwa nasibu, ilisema, na uwezekano wa kuangukia kwenye chumba kitupu ni mmoja kwa migawanyo bilioni 9. Mtumiaji wa kawaida wa majedwali ya hesabu atakosewa mara moja kwa miaka 27,000. Kwa lugha ya rundo la magunia: tumechoma kila mahali kwa haki, lala salama.

Kisha wataalamu wa IBM wakapiga yao. Namba ambazo watu hugawanya hazitoki kwenye mtambo wa RAND, walisema. Zinatoka kwenye bei, riba na vipimo, na mara nyingi hulala chini kidogo tu ya namba kamili, na huko ndiko vyumba vitupu vilikokuwa vinavizia. Kwa namba za watu, uwezekano ni mmoja kwa milioni 100. Na mtu anayeshinda na majedwali yake robo saa kwa siku anaweza kupitisha migawanyo milioni 4.2. Gawanya mwenyewe, ila si kwa Pentium: kosa moja kila siku 24.

Miaka 27,000 na siku 24, kwa chipu ileile na kosa lilelile! Tena hakuna aliyekosea kuzidisha. IBM nayo haikuwa malaika. Ilikuwa na chipu yake ya PowerPC sokoni, na mshindani akiteleza hufurahi. Bado naona ilikuwa na haki katika jambo moja: Intel ilirusha dadu safi kabisa, lakini zilikuwa dadu za mchezo ambao wateja wake hawachezi. Tarehe 12 Desemba IBM ilisimamisha kusafirisha mashine zake zenye Pentium. Tarehe 20 Intel ikakubali kumbadilishia chipu yeyote atakayeomba, bila maswali.

Baada ya hapo watu wa chipu na watu wa programu walijifunza kuchanganya: dadu, lakini dadu zenye akili. Mwaka 2000, Koen Claessen na John Hughes, katika chuo kikuu cha Chalmers, Sweden, walitoa QuickCheck, ambayo ilitibu ule ugonjwa wa sufuria na chumvi. Huambii zana jibu sahihi. Unaiambia sharti ambalo lazima litimie daima, kama vile orodha ukiigeuza nyuma mbele mara mbili irudi ilivyokuwa, nayo inatupa data mpaka sharti livunjike.

Miaka kumi na minne baadaye Mpolandi Michał Zalewski alikuwa na zana aliyoipa jina la aina ya sungura wenye manyoya mengi, American fuzzy lop. Hiyo hurusha ovyo kama ya Miller, lakini inatega sikio: kila data iliyoifanya programu ipite njia ambayo haikuwahi kupitwa huhifadhiwa, hupotoshwa kidogo, hurushwa tena. Novemba 2014 aliipa programu ya kusoma picha faili lenye neno moja tu la salamu, hello. Baada ya muda zana ikaanza kutema picha halali za JPEG, bila kuwahi kuonyeshwa hata moja. Mwaka huohuo, mwezi Aprili, dunia ilikuwa imeshtushwa na Heartbleed, tundu lililovujisha siri kutoka kwenye mitambo iliyotumia OpenSSL kufunga mawasiliano. Mwaka 2015 Hanno Böck alilirudisha tundu lile kwenye maabara, akamwachia sungura. Alilipata kwa muda wa saa sita.

Mwaka 2020 Miller na wenzake walitoa makala nyingine. Walichukua karibu zana ileile ya mwaka 1988, ile isiyo na akili yoyote, inayomwaga tu, wakaichomeka kwenye mifumo ya kisasa. Linux: programu 9 kati ya 74 zilikufa au kuganda. MacOS: 12 kati ya 76. FreeBSD: 15 kati ya 78. Niliisoma makala hiyo usiku mmoja, na sababu nyingi zilikuwa zilezile za mpaka usiolindwa.

Usiku huo Tumbili alikuwa kazini. Simu iko mezani imechomekwa chaja, skrini inajifungua, inajibonyeza, inajaza namba ya simu isiyo ya mtu, inarudi nyuma. Baba, ambaye siku hizi anaishi nasi Mbagala na amestaafu bambo, akapita kwenda kunywa maji, akasimama.

“Anaichezea nani?”

Nikamweleza. Anabonyeza ovyo mara elfu hamsini, asubuhi naangalia kama programu iko hai. Ikifa, narudia palepale, kwa sababu ovyo yenyewe inaanzia kwenye namba moja tunayoiita mbegu. Mbegu ileile, mibonyezo ileile, mmoja mmoja. Hapo ndipo tunapopata kumwonyesha mwandishi wa programu kosa lake bila ubishi.

Akafikiri. “Na hiyo mbegu unaichagua wewe?”

Nikafungua faili la mipangilio kumwonyesha. Nilikuwa nimeliandika miezi mitatu nyuma, siku ya kwanza, kwa haraka, ili tu mfumo uwake, na sikuligusa tena. Miezi mitatu Tumbili wangu alikuwa ametembea njia moja kila usiku, mguu juu ya nyayo zake. Baba akainama kwenye skrini, akasogeza miwani, akaisoma namba.

“Mama,” akasema, “makuli hawajakusamehe.”

Ilikuwa 7.